Paka, Magoti na Sura ya Saba

Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja kundini alileta hoja. Kundi letu ni la waandishi wa hadithi za mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Tumetawanyika Uingereza, Marekani na Kanada, na mimi mtoto wa Mombasa nimeangukia Leeds, kwenye kazi ya kutunza wazee zamu za usiku. Hoja yenyewe: humu tuzungumze uandishi tu. Habari za paka, magoti yanayouma, nani kapika nini na nani hakulala zipelekwe kwingine. Bwana yule ni mtu wa hesabu, akatuhesabia. Katika jumbe 100 za karibuni, 18 tu ndizo zilizohusu hadithi.

Kura inafungwa Jumapili. Mimi nitakataa, na kwa kuwa kundini nikiandika zaidi ya mistari mitano huambiwa nimepanda mimbari, sababu zangu nazimwaga hapa.

Nianze na neno, maana najua kuna waliokwisha kukunja uso. Utotoni mwangu neno shoga nililisikia kila siku na halikuwa na ubaya wowote. Mama alikuwa na mashoga zake. Shoga alikuwa mwanamke mwenziwe aliyejua siri zake, aliyeingia bila kubisha hodi na kufunua sufuria kuona leo kuna nini. Nilipofika darasa la sita nikalisikia neno lilelile likirushwa kama jiwe, na aliyelengwa ni mimi. Kamusi zinaziweka maana zote mbili pamoja, moja chini ya nyingine, kana kwamba hazijawahi kugombana. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kupata watu wanaonifaa kwa maana zote mbili, na wengi wao sijawahi kuwaona uso kwa uso.

Nyumbani hawajui ninachoandika. Naandika kwa lakabu, na si kwa kupenda mafumbo. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya bado kinataja miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilipoombwa kukifuta ilikataa Mei 2019. Wenzangu wa Ulaya na Marekani nao karibu wote wana lakabu. Mtu asiye na jina anajulikanaje basi? Anajulikana kwa goti lake. Anajulikana kwa paka wake mwenye jicho moja na kwa chai anayoipiga picha kila asubuhi. Ukiviondoa hivyo kundini, hubaki na waandishi. Unabaki na lakabu zinazosahihishiana koma.

Wa rika langu mnakumbuka kadi za salamu redioni. Mtu ananunua kadi, anaandika majina, mtangazaji anasoma: salamu zimfikie fulani wa Voi, fulani wa Malindi, wote wa kikundi fulani. Mjomba wangu alikuwa mgonjwa wa mambo hayo. Alikuwa na lakabu yake na akisikika redioni hadi Bungoma. Sisi watoto tulimcheka, salamu tupu, hazina habari ndani! Alipofariki, matangani walikuja watu tusiowajua, wengine wamepanda basi usiku kucha. Walikuwa watu wa salamu. Walikuwa wamechanga, na walijua kuwa alikuwa na mguu mbovu na kuwa hapendi samaki. Sisi jamaa zake hilo la samaki hatukulijua.

Nikirudi kwenye kazi yenyewe, mwenye hoja anadhani porojo na uandishi ni vyumba viwili. Ajaribu kuhariri tukio la faragha la wanaume wawili kwa Kiingereza. Lugha ile hutofautisha mume na mke kwa kiwakilishi, sasa wakiwa wanaume wote wawili kiwakilishi ni kimoja, na kufikia mstari wa nne msomaji hajui mkono ni wa nani na bega ni la nani. Hapo ndipo huitwa mimi. Sisi wa Kiswahili tumekulia ndani ya utata huo. “Alimshika mkono” inaweza kuwa yeyote kwa yeyote, na tunaelewana kwa kujua nani yuko wapi. Kwa hiyo cheo changu kundini ni mhesabu mikono. Mwaka jana nilimkuta shujaa mmoja ana mitatu: mmoja nyweleni, mmoja kiunoni, mmoja umeshika kikombe. Sasa niambieni, unampaje mtu rasimu kama hiyo, ya mambo ambayo hujawahi kumwambia hata daktari, kama hajawahi kukuuliza umeamkaje? Rasimu za namna hiyo hazipewi wageni.

Wala hili si jipya. E. M. Forster aliandika riwaya yake ya *Maurice* mwaka 1913 na 1914, wanaume wawili wanapendana na mwisho wao ni wa furaha. Ilichapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Katikati hapo, zaidi ya miaka hamsini, muswada ulikuwa ukipita mikononi mwa marafiki aliowaamini. Hao ndio walikuwa wachapishaji wake kwa wakati ule. Kisha kuna wale waandishi saba wa New York waliojiita Violet Quill, Edmund White na Andrew Holleran miongoni mwao, waliokutana majumbani mwao mwaka 1980 na 1981 kusomeana kazi. Mikutano yao ilisifika pia kwa keki na vitamutamu vya baada ya kusoma. Kufikia mwisho wa 1990, wanne kati ya saba wale walikuwa wamekufa kwa UKIMWI. Nani leo atadai kwamba zile keki zilikuwa kupoteza muda?

Mzee wa chai ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikuwa mwalimu Uingereza mwaka 1988, sheria iliyoitwa Kifungu cha 28 ilipozikataza halmashauri za mitaa kile ilichokiita kuhamasisha ushoga. Ilidumu hadi 2003 kule England na Wales. Kwa miaka hiyo yote, anasema, mchana alifundisha sarufi na usiku aliandika hadithi na kuzifungia kabatini. Mwenzake wa maisha alipofariki, mzee akaja kwetu na kabati lake. Kila siku saa moja asubuhi ya kwao, kikombe mezani, picha, “habari za asubuhi mabwana”. Hayo yote mwenye hoja ameyahesabu kama takataka.

Januari siku moja picha haikuja. Siku ya pili pia. Kufikia jioni watu kumi na mmoja walikuwa wamemwandikia, mmoja tayari ana ufunguo wa gari mkononi na anauliza njia. Siku ya tatu mzee akaibuka: intaneti ilikuwa imekatika, fundi kachelewa, basi. Alikaripiwa na kundi zima, mimi nikiwemo, kwa maneno makali kidogo. Akajibu kwamba tangu awe mjane hakuna mtu aliyemkaripia, na akaomba tuendelee.

Nitakubali kitu kimoja. Kijana mmoja mgeni aliweka sura yake ya kwanza kabisa siku ambayo paka wa jicho moja alikuwa anafanyiwa upasuaji, na sura ile ikazikwa chini ya maombi na picha za paka. Ilichukua siku tano mtu kuisoma. Hilo ni aibu yetu, na hapo mwenye hoja ana haki ya kukasirika. Sura ziwekewe mahali pake pa kudumu, sawa. Lakini kumfukuza paka hakutamfanya mtu asome.

Nikiwa naandika haya, mwenzetu wa Ohio amenitumia swali. Katika sura yake ya saba kuna mhusika wa Mombasa, na anataka kujua kama mabuyu yanaacha rangi. Nimemwambia yanaacha: vidole, midomo, ulimi, vyote vyekundu. Amefurahi kupita kiasi, maana anataka alama za vidole zibaki kwenye shati jeupe la yule mwanamume mwingine. Sijui ujumbe huo mwenye hoja angeuweka upande gani wa hesabu yake. Sasa anauliza kama shati likifuliwa rangi inatoka. Mimi sijawahi kufua shati lenye mabuyu, kwa hiyo nimemwandikia dada yangu huko nyumbani.

Dada amejibu kwamba inatoka kwa ndimu na jua. Halafu ameuliza shati ni la nani.

Bado sijamjibu.