Dubrovnik imewapata wageni, sasa inawatafuta wenyeji

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dubrovnik, mji wa mawe meupe kusini kabisa mwa Kroatia kwenye pwani ya Adriatic, wageni walikuja na mwenyeji akapona kweli. Kisha akahama. Ubishi unaoendelea pale kuhusu meli za kitalii na nyumba za kupangisha kwa siku unatokana na habari hiyo moja, na kila upande umeshika nusu yake.

Tuanze na kupona. Oktoba 1991, Yugoslavia, nchi ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, ikisambaratika, jeshi lake liliuzingira mji huu, na tarehe 6 Desemba makombora yaliumiminikia. Kati ya majengo 824 ya mji mkongwe, 563 yalipigwa. Ukipanda leo juu ya kuta, ambazo mzunguko wake ni mita 1,940, makovu ya vita unayasoma kwenye rangi za mapaa. Vigae vya zamani vimepauka, njano iliyochanganyika na vumbi. Vya baada ya vita ni vyekundu vinavyoelekea rangi ya chungwa. Paa moja linaweza kuwa na vyote viwili, kiraka kando ya kiraka, na vyekundu ndivyo vingi.

Mawe hayo hayajitunzi. Kuta zinasimamiwa na chama cha wapenzi wa mambo ya kale ya mji, kilichoundwa mwaka 1952, na tiketi ya kuzizunguka, ambayo sasa imepita euro 30, ndiyo inayolipia mafundi. Kwa Kroatia nzima utalii huleta takriban sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka, watu wa pwani hiyo walionja maana ya mji mzuri usio na mteja. Kwa hiyo anayedai wageni wapunguzwe anapaswa pia kusema mpishi, dereva na fundi vigae watakula wapi.

Upande wa pili una hesabu yake. Mwaka 1991 ndani ya kuta waliishi watu wapatao 5,000. Leo hawafiki 2,000. Meli hutia nanga bandari ya Gruž, mabasi huwashusha abiria kwenye Lango la Pile, na kwa saa chache barabara kuu ya Stradun haipitiki. Abiria huyo amekunywa chai melini na chakula cha jioni atakila melini. Tumezoea kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hafikishi hata usiku mmoja. UNESCO ilishauri watu wasizidi 8,000 kwa wakati mmoja ndani ya mji mkongwe. Meya Mato Franković, aliyeingia madarakani mwaka 2017, akaenda mbali zaidi, na tangu 2019 yapo makubaliano na kampuni za meli: zisizidi mbili kwa wakati mmoja.

Wanaopinga mipaka hiyo husema mji ulioishi kwa wageni hauwezi kuwafungia mlango. Historia yenyewe inawajibu. Jamhuri ya Ragusa, kama Dubrovnik ilivyoitwa, ilimlipa sultani wa Uturuki dukati 12,500 kila mwaka huku ikifanya biashara na Waislamu na Wakristo sawia. Lakini jamhuri hiyohiyo, mwaka 1377, iliamuru kwamba atokaye kwenye nchi yenye tauni asiingie mjini mpaka akae siku 30 kwenye kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Baadaye siku zikawa 40, quaranta kwa Kiitaliano, na Waitalia wakatuachia neno karantini. Bandari haikufungwa. Mgeni aliwekewa kipimo, na biashara ikaendelea kwa karne nyingine nne.

Kwa hiyo kipimo cha meli nakiunga mkono. Tatizo ni kwamba wengi wanaishia hapo, kana kwamba meli ndiyo iliyouhamisha mji. Meli huondoka jioni. Kinachobaki ni nyumba.

Familia imerithi ghorofa moja kwenye uchochoro wa ngazi, mahali gari halifiki na hata mtungi wa gesi hupandishwa kwa mikono. Ikimpangishia mwalimu, inapata kodi ya mwezi. Ikipangisha kwa watalii, wiki moja ya Julai inaweza kuizidi kodi hiyo. Wengine hugawa mwaka: mwalimu hupewa mkataba wa Septemba hadi Mei, kisha anafungasha vitu vyake kumpisha mtalii. Familia yenyewe imehamia nje ya kuta, kwenye maegesho na lifti. Hakuna aliyeifukuza, na siwezi kuilaumu. Lakini duka la mboga linafuata watu wanaokula nyumbani, na watu hao hawapo.

Wenzao wa mji wa Split, juu kidogo kwenye pwani hiyohiyo, wanajua jumba la kale huokolewa na nani. Kasri aliyojijengea Diocletian, mfalme wa Roma, mnamo mwaka 305 ilisalimika kwa sababu katika karne ya 7 watu wa mji jirani wa Salona waliovamiwa walikimbilia humo na kuishi. Kaburi la mfalme aliyewatesa Wakristo likawa kanisa kuu, kumbi zikawa nyumba.

Dubrovnik imeanza kuugusa ugumu huu. Mwaka 2024 baraza la jiji lilizuia vibali vipya vya kupangisha kwa siku ndani ya mji mkongwe, na jiji linanunua nyumba humo ili lizipangishe kwa familia. Sheria ya nchi nayo sasa inadai ridhaa ya asilimia 80 ya wamiliki wa jengo kabla ya fleti mpya kugeuzwa ya watalii. Ni hatua za kweli, ila vibali vya zamani vinaendelea, na hapo ndipo naona woga. Mwenye meli hapigi kura Dubrovnik. Mwenye fleti anapiga. Nitakachokitazama miaka ijayo ni mikataba mingapi ya walimu itavuka Mei.