Daktari Asiyekuandikia Picha Hajakupuuza

Hapa Mbeya malalamiko haya utayasikia kwenye daladala za Mwanjelwa, kwenye foleni ya dirisha la dawa, hata kwenye vikao vya ukoo: "Nimepeleka mgongo wangu hospitali, wamenibinyabinya tu, wakanipa dawa za maumivu na kunielekeza mazoezi. Hata picha hawakunipiga." Anayesimulia hivyo huwa ameshahukumu kwamba kahudumiwa nusu. Wanaomsikiliza nao humpa jina la kituo cha vipimo chenye mashine kubwa, akajilipie mwenyewe ajue kinachomsumbua.

Malalamiko hayo yana mahali yanapostahili kusikilizwa, na nitafika huko. Lakini tabibu aliyembinya mgonjwa mgongo na kumrudisha nyumbani bila picha anahukumiwa vibaya mno, na wanaosimama hadharani kumtetea ni wachache.

Yapo yasiyobishaniwa. Aliyeanguka na bodaboda kwenye mteremko wa Iwambi, mguu umepinda, apigwe eksirei. Daktari wa upasuaji hawezi kuweka chuma kwenye paja ambalo hajaliona, wala hawezi kugusa diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, bila MRI, yaani picha ya sumaku, inayomwonyesha neva iliyobanwa na upande iliko. Mashine hizi zimeokoa viungo vya watu wengi, na kusogea kwake karibu na wananchi ni jambo la kushukuriwa. Katika zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, sehemu ilinunua mashine za picha za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Anayekumbuka safari za wagonjwa waliolazwa kwenye viti vya nyuma vya basi, zaidi ya kilomita 800 hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hawezi kuibeza hatua hiyo.

Ubishi uko kwenye mgongo uliouma bila ajali, goti la mtu mzima na bega lililokaza. Hapo ndipo wagonjwa wengi walipo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwa walio wengi kati yao hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndio chanzo.

Chukua kijana anayepakia viazi Uyole. Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kilemba cha viazi juu ya mdomo na kushonwa kwa kamba, hupita kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeziweka kuwa ukomo. Analipokea begani, anapanda nalo ubao hadi kwenye lori, anarudi kulifuata jingine. Siku moja kiuno kinakataa. Anakwenda hospitali akiwa amejishika nyonga, na akikutana na tabibu anayeijua kazi yake, yafuatayo hutokea. Anavuliwa shati. Anaambiwa ainame, ajinyooshe, ageuke. Pingili zinabinywa moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini. Analazwa chali, mguu ulionyooka unanyanyuliwa polepole, huku anaulizwa kama maumivu yanateremka kupita goti. Anaambiwa anyanyue kidole gumba cha mguu huku mkono wa tabibu unakikandamiza. Kano ya kisigino inagongwa kwa nyundo ya mpira. Kisha maswali: mkojo na choo unavizuia? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Umepungua uzito? Usiku unatoka jasho la kulowesha shuka? Umewahi kutibiwa kifua kikuu au saratani?

Hicho ndicho wanachokiita kubinyabinya. Kila tendo pale linajibu swali lake. Gumba likikosa nguvu, neva ya pingili ya tano ya kiuno inashukiwa. Nyundo isipojibiwa kwenye kisigino, inashukiwa iliyo chini yake. Mkojo ukiwa haushikiki na mapaja yana ganzi, hiyo ni dharura, MRI siku hiyohiyo na daktari wa upasuaji aitwe. Na kama yote hayo hayapo, tabibu ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kiuno kitapoa ndani ya wiki chache, kwa dawa za kutuliza, kutembea, na kurudi kazini taratibu. Chama cha madaktari bingwa wa tiba cha Marekani kilitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2007: usipige picha mgongo wa kawaida usio na dalili za hatari. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, ikasema vivyo hivyo mwaka 2016.

Msomaji ataniuliza: picha ina ubaya gani? Mashine ipo, mtu ana fedha zake au bima, apigwe, roho itulie. Eksirei ya kiuno hubeba mionzi ya takriban milisivati 1.5, zaidi ya nusu ya ile ambayo mtu huipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, hewani na angani; ni kidogo, na MRI haina mionzi hiyo kabisa. Mimi hofu yangu iko kwenye karatasi ya majibu.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 waliopigwa picha za mgongo ilhali mgongo hauwaumi. Katika wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Miaka 40, asilimia 68. Miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa nusu ya wenye miaka 40. Nawaomba wasomaji tukae na takwimu hizi, maana huwa zinasomwa na kupitwa haraka. Watu hawa hawaumwi. Tukiwapeleka wenye miaka 40 mia moja wa aina hiyo kwenye mashine kesho asubuhi, watu wanaolima, wanaobeba watoto, wanaokwenda kanisani na msikitini wima, 68 watatoka na bahasha yenye maneno ya kutisha. Sasa rudi kwa mpakiaji wetu wa viazi. Akiwa na miaka 40 na kiuno kilichokaza tangu juzi, nafasi ya picha yake kuonyesha diski iliyochakaa ilikuwa kubwa hata kabla kiuno hakijauma. Diski hiyo huenda alikuwa nayo mwaka juzi, akipakia magunia bila shida. Picha haina namna ya kutuambia kama ndiyo inayouma leo.

Wapo wanaojibu, kwa haki, kwamba watafiti haohao walionyesha pia kuwa kwa wenye umri chini ya miaka 50 mabadiliko hayo huonekana zaidi kwa wanaoumwa kuliko kwa wasioumwa. Ni kweli, na asiyetaja hilo anapunja hesabu. Lakini "zaidi kwa wanaoumwa" ni habari ya kundi. Aliyelala mezani ni mmoja, na kumwambia kwamba doa hili ndilo linalokuuma ni kumwambia jambo ambalo mashine haikulisema. Hata wasomaji wa picha hawaafikiani: mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya mama wa miaka 63 wa Marekani aliyepigwa MRI ya kiuno katika vituo 10 tofauti ndani ya wiki tatu. Ripoti zile kwa jumla zilitaja matokeo 49 mbalimbali, na hakuna hata moja lililotajwa na vituo vyote 10.

Nimeona bahasha hizo za kaki zinavyofanya kazi majumbani. Filamu inachomolewa, inainuliwa dirishani kwenye mwanga, familia nzima inatafuta palipoharibika. Karatasi inasomwa: pingili zimesagika, diski imechakaa. Kuanzia hapo baba hainami tena kufunga kamba za viatu, mama hamnyanyui mjukuu, shamba linakodishwa. Na kwa mgongo wa kawaida, kulala na kuacha kazi ndiko kunakochelewesha kupona, wakati kutembea na kujinyoosha ndiyo dawa. Maneno yaliyokusudiwa kumweleza daktari kinachoonekana yanageuka kuwa hukumu juu ya maisha ya mtu.

Lakini kuna utafiti mmoja unaobana pande zote mbili, na ndio unaonifikirisha zaidi. Mwaka 2001 madaktari wa eneo la Nottingham, Uingereza, walitoa taarifa ya wagonjwa 421 wenye maumivu ya kiuno yaliyodumu angalau wiki sita. Kwa bahati nasibu, nusu walipigwa eksirei, nusu hawakupigwa. Baada ya miezi mitatu, waliopigwa picha ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba bado wanaumwa. Baada ya miezi tisa, hao hao ndio walioridhika zaidi na huduma waliyopata. Na walipoulizwa wagonjwa wa makundi yote mawili, asilimia 80 walisema wangeruhusiwa kuchagua wangechagua kupigwa.

Kwa hiyo kiu ya picha haikuanzia Tukuyu wala Vwawa, na tusiwacheke watu wetu kwa kuwa nayo. Mgonjwa anataka kuthibitishiwa kwamba maumivu yake ni ya kweli na kwamba kuna mtu ameyachukulia kwa uzito. Filamu inashikika mkononi. Maelezo ya daktari yaliyotolewa kwa haraka hayashikiki.

Upande wa pili una hoja nyingine, nzito zaidi, ambayo watetezi wa miongozo ya kigeni huipita juujuu. Miongozo ile imeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo kifua kikuu cha uti wa mgongo ni nadra. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Penye VVU, kifua kikuu hupata mlango, na kikiingia kwenye mifupa hupenda zaidi uti wa mgongo. Huanza taratibu, bila kikohozi mara nyingi, kama mgongo wa kawaida tu. Kikiachwa, pingili hubomoka, kibiongo hutokea, miguu hupooza. Na eksirei yenyewe huchelewa kukiona, kwa sababu mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla doa halijajitokeza kwenye filamu. MRI hukiona mapema zaidi.

Ongeza umbali. "Rudi baada ya wiki sita" ni agizo jepesi kwa anayekaa Soweto, hapa hapa Mbeya mjini. Kwa anayetoka Matema au vijiji vya ndani vya Makete ni nauli, ni siku za kazi, na wengi hawarudi. Kuna pia matabibu ambao hawaandiki picha na hawagusi mgonjwa vilevile: wanaandika diklofenaki huku macho yako kwenye daftari. Mgonjwa wa tabibu huyo akilalamika, simtetei tabibu.

Nikiyapima haya, bado naona uzito uko upande wa mikono. Hoja ya kifua kikuu, ukiifuata hadi mwisho, haisemi kila mgongo upigwe MRI. Inasema kila mgongo uulizwe kuhusu homa, jasho la usiku na uzito, kila pingili ibinywe, na hali ya VVU ijulikane. Kwetu, tofauti na London, dalili moja tu kati ya hizo, au maumivu yanayozidi usiku na kugoma kwa wiki kadhaa, yatoshe kumwandikia mtu picha na vipimo vya damu bila kumbembeleza daktari. Mashine ya mkoa ikijaa foleni ya viuno vilivyokaza tangu juzi, mwenye pingili zinazobomoka ndiye anayesubiri. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakapowafikia watu wengi zaidi, foleni hiyo itarefuka kama hatujakubaliana nani apite kwanza.

Haki ya kumnyima mtu picha lakini inapatikana kwa kumgusa na kumweleza. Wamarekani walijaribu njia ya mkato: katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 250,000, kwenye ripoti za picha za sehemu yao walichapa takwimu zinazoonyesha kwamba mabadiliko yaliyoonekana ni ya kawaida hata kwa wasioumwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba matumizi ya huduma za mgongo hayakupungua. Kilichopungua, na kwa kiasi kidogo tu, ni dawa kali za maumivu. Sentensi iliyochapwa haikuweza kufanya kazi ya mazungumzo.

Kwa hiyo ningependa zahanati na vituo vya afya vyetu vianze na jambo la gharama ndogo. Tabibu anapoamua kutopiga picha, aandike kwenye cheti cha mgonjwa, kwa Kiswahili: nimekupima nguvu za miguu, hisia na pingili, sijaona dalili ya hatari, tarehe ya kurudi ni hii. Chini yake aandike mambo ya kumrudisha siku yoyote bila kungoja tarehe: mguu kupungua nguvu, mkojo au choo kutoshikika, ganzi katikati ya mapaja, homa, jasho la usiku, kukonda. Mgonjwa wa Matema atapanda basi na karatasi hiyo mfukoni, na mkewe ataisoma.