Kikomo cha amana ya nyumba, na suala la nani aishike

Tangu Julai 1, 2024, mwenye nyumba katika jimbo la California, Marekani, haruhusiwi kudai amana, yaani fedha ya dhamana anayorudishiwa mpangaji akihama bila ya deni wala uharibifu, inayozidi kodi ya mwezi mmoja, ila wenye nyumba chache wameachiwa hadi miezi miwili. Ujerumani kikomo ni miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu.

Mpangaji wa Fuoni au Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar, ana sababu ya kuitamani sheria kama hiyo, kwa kuwa mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kabla hajaingiza kitanda, na bado dalali anasubiri ujira wake. Mwenye nyumba naye si lazima awe tajiri. Mjane anayepangisha vyumba viwili vya uani, mpangaji wake akihama kimyakimya na kumwachia kitasa kilichovunjika na bili ya maji, hawezi kwenda mahakamani kwa ajili ya kitasa. Hoja kwamba mpangaji huweza kuacha deni la umeme, hata hivyo, imepungua uzito tangu zije mita za TUKUZA, ambazo umeme wake hulipiwa kabla ya kutumika.

Kasoro ya kikomo cha amana pekee ni kwamba ni rahisi kukikwepa: aliyekatazwa amana ya miezi mitatu ataongeza kodi ya mbele kutoka miezi sita hadi tisa, na hatakuwa amevunja sheria yoyote. Kwa hapa Zanzibar, naona kikomo kingefaa tu iwapo kingehesabu kwa pamoja fedha zote zinazotolewa kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Zito zaidi ni nani anayezishika. Amana ni mali ya mwenzio uliyowekewa. Anayeinunulia bati amejikopesha bila ya kuomba. Ujerumani huwekwa benki, mbali na mali ya mwenye nyumba, na huzaa riba, jambo ambalo kwetu lingehitaji akaunti ya Kiislamu. England hutakiwa kusajiliwa katika mpango uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30, na asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa na mahakama kumlipa mpangaji hadi mara tatu ya amana yenyewe.

Huku kwetu sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, angeweza kushuhudia orodha ya hali ya nyumba, pamoja na picha za simu, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Fedha zenyewe asikabidhiwe, kwa sababu mpangaji na mwenye nyumba wote wawili ni watu wa shehia yake.