Geti Halina Kosa, Kosa ni la Ukuta

Nimefikia umri wa kuamini kwamba fundi wa kuchomelea hajawahi kukosea tangu umeme ulipogunduliwa. Geti likigoma kufunga, kosa ni la mwashi aliyesimamisha nguzo zikiwa zimelewa. Na mwashi akiitwa, hushika kiuno, hulitazama geti kwa huruma, kisha hueleza kwamba nguzo zake zilikuwa wima kabisa hadi siku zilipofungiwa chuma kilichopinda. Mimi niliyewalipa wote wawili nabaki katikati yao na geti linalohitaji watu wawili kulifunga, mmoja wa kulinyanyua na mwingine wa kusukuma komeo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo lenyewe halina siri yoyote. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, na cheche ya mashine ya kuchomelea huzidi hapo kwa mbali. Maungio yanapopoa husinyaa, na yakisinyaa huivuta fremu nzima upande wao. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi hushikiza kwanza kila kona kwa nukta ndogo, hupima ulalo mmoja kutoka kona hadi kona, hupima na wa pili, na vipimo vyote viwili vikilingana ndipo huchomelea moja kwa moja, tena kwa kubadilisha pande ili upande mmoja usipate joto lote. Shughuli hiyo haihitaji muujiza, inahitaji futi kamba. Fundi wangu anayo, na ameitundika mkandani kama medali, lakini kupima anapima kwa jicho.

Jicho lenyewe tulitazame basi. Kinyago chenye kioo cheusi anacho pia, nacho kimelala chini ya meza kikilinda vumbi, huku yeye akichomelea kwa miwani ya jua ambayo haikutengenezwa kwa mwanga wa namna ile. Mwanga huo huchoma macho pasipo mtu kuhisi lolote kwa wakati ule. Maumivu humfuata baada ya saa kadhaa, usiku, akahisi amejaa mchanga chini ya kope. Asubuhi anarudi kazini macho yamevimba na mekundu, anafumba moja, analielekeza lililobaki kwenye chuma changu na kutamka kwamba kimenyooka. Nami nashangaa geti linatazama juu!

Kwenye unene wa chuma ndiko tunakomalizwa kabisa. Aliyepanga hesabu ya geji aliipanga kinyumenyume, kwa maana namba ikipanda chuma kinapungua: bati la geji 16 lina unene wa takriban milimita 1.5, ilhali la geji 20 halifikii hata milimita 1. Sasa fundi anapokutazama kwa ukarimu na kukutangazia kwamba uliomba kumi na sita lakini yeye ameamua kukuwekea ishirini kwa bei ileile, usikimbilie kumshukuru. Mita moja ya mraba ya bati lenye unene wa milimita 1 ina uzito wa karibu kilo 8, kwa hiyo katika geti la mita 6 za mraba, kupunguza nusu milimita tu ni kuondoa zaidi ya kilo 20 za chuma ambacho mwenye nyumba amekilipia. Mimi siku hizi namwambia anitajie milimita na aziandike kwenye karatasi ya makubaliano. Hununa, lakini huandika.

Malipo ya awali nayo yana safari zake. Fedha nilizotoa kwa ajili ya mlango wa nyuma, kwa kadiri nilivyofanikiwa kufuatilia, zilimalizia madirisha ya mteja aliyenitangulia, ambaye fedha zake zilikuwa zimemalizia ngazi ya aliyemtangulia yeye, na mlango wangu hautapata bawaba mpaka ajitokeze mteja mwingine mwenye fedha na imani. Ndiyo maana nimeanza kumsifia fundi huyu kwa kila jirani ninayekutana naye. Si kwamba kazi yake inanipendeza, bali nataka bawaba zangu. Nilipopendekeza kwamba safari nyingine ninunue chuma mwenyewe na kumlipa ufundi kwa hatua, aliniuliza kwa sauti ya kuumia kama simwamini. Swali hilo halijibiki mbele ya mtu aliyeshika nyundo.

Halafu kuna rangi. Kwa utaratibu, ganda linalobaki juu ya maungio hugongwa likatoka, pakapigwa brashi ya waya, pakasagwa kwa grinda, pakapakwa rangi ya kuzuia kutu, na rangi ya urembo ikaja mwisho. Fundi wangu ni mvivu wa hatua zote isipokuwa hiyo ya mwisho, ambayo huitekeleza kwa kasi ya kutisha, hasa akisikia kwamba niko njiani. Rangi yake hufunika matundu, hufunika ganda, hufunika mahali ambapo vyuma viwili vimekaribiana tu bila kushikana, na kutu huanza kazi humo ndani taratibu huku nje kunang'aa.

Jana amenitumia ujumbe mrefu wenye adabu nyingi kwamba bawaba zimepatikana, mlango wa nyuma umekamilika, na kwamba anaomba salio kwa kuwa chuma kimepanda bei. Nimemjibu kwamba salio lipo tayari, ila nataka kwanza kuyaona maungio yakiwa hayajapakwa chochote, kama tulivyoandikiana. Amenijibu papo hapo kwamba nisijisumbue, rangi imeshakauka, na mkono wa pili amenipa bure.