Fleshi ya asili iliyonifanya babu wa watu

Jamani ngoja niwahadithie hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi, maana ilivyo tu imeshakolea.

Mimi naediti video za harusi hapa Dar, naishi Kimara chumba na sebule, na ugonjwa wangu ni zile fleshi za kutoka sini moja kwenda nyingine. Kuna ile ya kwenye programu, unaiburuta tu kwenye taimlaini, skrini inakuwa nyeupe pee halafu inarudi. Siipendi. Inakuwa kama mtu kawasha taa ya choo watu wako kanisani. Fleshi yenyewe hasa ilitoka kwenye kamera za zamani za mkanda wa filamu, mota ikianza kuzunguka au ikitaka kusimama mkanda unapita taratibu, zile fremu chache, yaani zile picha moja moja za video, zinakula mwanga kupita kiasi mpaka zinaungua. Mwanga unaingia ghafla unatoka polepole, na wala hauwi mweupe kote, pembeni unakuwa na uchungwa uchungwa na wekundu. Hiyo ndo nilikuwa naitaka, ya asili, sio ya kopo.

Basi nikapata kazi ya familia moja ya Kichaga, harusi Mbezi, advansi nusu nikala. Kwanza nikajaribu kutumia fleshi za mpiga picha mnato zilizoingia kwenye video yangu, nikasema si hizi hapa za bure. Wapi! Kamera zetu hizi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ile fleshi inawaka na kuzima kabla kamera haijamaliza kusoma, kwa hiyo nusu ya fremu inakuwa nyeupe na nusu haina habari. Mchungaji kichwa kiko mbinguni, miguu iko Mbezi.

Nikaamua kuzirekodi mwenyewe. Saa nne usiku nikaingia bafuni nikazima taa, kamera juu ya ndoo iliyogeuzwa, lensi nimeifungua mpaka mwisho na fokasi nimeitoa makusudi ili mwanga uwe na ukungu. Mkono wa kulia chupa ya soda ya kahawia, wa kushoto glasi nyekundu ya mama mwenye nyumba niliyoiazima bila yeye kujua, na tochi ndogo nimeing'ata kwa meno maana mikono imeisha. Joto la Februari mnalijua, nilikuwa na taulo na singlendi nyeupe basi. Nikawa nageuza kichwa, mwanga unapita kwenye chupa unaruka kwenye vigae, aisee rangi zilikuwa nzuri mpaka nikacheka na tochi mdomoni.

Mama mwenye nyumba akagonga. "Wewe kijana, unachomelea nini humo chooni?"

"Hakuna tatizo mama!" Ila kwa tochi mdomoni ilitoka kama ng'ombe.

Nikaenda kuziweka juu ya video ya harusi kwa modi ya skrini, njia ya kuchanganya picha mbili kuwa moja, ambayo faida yake ni kwamba kila kilicho cheusi kinapotea kinabaki cheupe tu. Shikeni hapo, kilicho cheupe kinabaki. Nikaweka sehemu 14, kila moja fremu sita, na kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni kama robo sekunde tu. Tena nilikuwa makini, sikuzidisha fleshi tatu ndani ya sekunde moja, maana Japan mwaka 1997 katuni moja ya runinga ilimulika mulika mpaka watoto mamia wakakimbizwa hospitali. Yaani afya ya watazamaji nilishaifikiria. Umeme ulikuwa umekatika, laptopu nimepunguza mwanga ili chaji isiishe, nikaangalia haraka haraka nikaona fresh, nikaipeleka.

Jumapili wakaniita nije tuangalie wote, na balansi nichukue hapohapo. Sebule imejaa, tivii kubwa kama mlango. Fleshi ya kwanza ikapita, watu "eeeh!" Mimi nimekaa mguu juu. Ya pili, simu ya shangazi ikaita, yeye ndo alikuwa na rimoti, akabonyeza kusimamisha. Ikasimama katikati ya fleshi.

Juu ya kichwa cha bi harusi, kaning'inia mwanaume. Kipara kinang'aa, kavaa cheupe, uso una ukungu, na mdomoni anatoa nuru.

Kumbe ukutani nyuma ya chupa kulikuwa na kioo changu cha kunyolea. Na mimi nina kipara.

Kimya. Shangazi akaachia simu. "Baba!"

Mzee wao, babu yake bi harusi, walishamzika kihambani Moshi mwaka juzi, na alikuwa na kipara. Wakarudisha nyuma, wakasimamisha, wakaenda fleshi zote kumi na nne, na zote mzee yumo. Kwenye keki yumo. Kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, yumo, tena hapo kama anaikaribia. Mmama mmoja akaanza pambio, wengine wakadaka, shangazi analia anasema baba alikuja kumbariki mjukuu.

Nikasimama. "Shikamoo shangazi, samahani, kuna kitu kidogo nataka kueleza..."

Bwana harusi akanikamata mkono akanisogeza mpaka koridoni. Alikuwa ananiangalia kipara. "Kaka, hiyo ni singlendi?"

"Ndio kaka."

"Kaa kimya. Huyu mzee alikuwa hanitaki."

Balansi ikaingia kwenye simu kabla sijarudi kukaa, na ya juu kidogo. Nilitaka kuirekebisha kimya kimya, nikawapelekea toleo safi, shangazi akapiga akiwaka kwamba nimemtoa baba. Nikamrudisha. Wiki iliyofuata akaagiza ile fremu ya kwenye ndafu isafishwe kubwa, itiwe kwenye fremu ya ukutani ya dhahabu.

Kwa hiyo kuna sebule moja huko Moshi niko ukutani, nimeng'ata tochi, na kila Jumapili wananibadilishia maua.