Pombe ya Asali Isihukumiwe kwa Ulimi Unaotafuta Sukari

Pombe ya chupa namba 7 ilikuwa kavu, yaani bila sukari iliyobaki. Mwenyewe alishaandika hivyo kwenye fomu: kavu, haina gesi, asali ya msituni, imekaa miezi 11. Ndani ya glasi ilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Ukiisogeza puani unapata nta kwanza, kisha majani makavu, kisha moshi kwa mbali, ule wa mwenge wa mrina asali. Nikainywa polepole. Jaji mwenzangu aliyekaa kulia aliionja mara moja, akaandika maneno mawili, "Haina utamu", akaipa 21 juu ya 50.

Hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Mashindano yetu ya pombe za nyumbani hapa Lubumbashi ni madogo. Ni lupango ya mtu, yaani ua wa nyumba yake, meza mbili chini ya mwembe, na chupa zilizobebwa kwenye vikapu kutoka Katuba, Ruashi na Kampemba. Lakini aliyeleta chupa ameingojea karibu mwaka mzima, na anastahili kupimwa kwa kile alichosema atatengeneza. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na chachu ikiachwa ifanye kazi yake inaila karibu yote. Kinachobaki ni harufu ya maua na ya mti. Anayekuja na pombe kavu amechagua njia ngumu, maana utamu hufunika makosa kama pilipili inavyofunika nyama iliyolala. Sasa iweje tumwadhibu kwa kukosa kitu alichokiondoa kwa makusudi?

Karatasi tunayotumia tumeiiga kwa BJCP, mpango wa Marekani wa kuwapima majaji wa bia ulioanza mwaka 1985. Alama 50 zinagawanywa hivi: harufu 10, sura 6, ladha 24, na 10 za kinywaji kwa ujumla wake. Utamu hauna alama za peke yake. Umo ndani ya zile 24, ukipimwa pamoja na uchachu, ukakasi na nguvu ya pombe, na kipimo ni kama vyote vimekaa sawa. Mtengenezaji hutakiwa kutaja mapema kama pombe yake ni kavu, tamu kiasi au tamu, nyepesi au kali, yenye gesi au isiyo nayo. Jaji asiyesoma hayo kabla ya kuonja anapima mapenzi yake mwenyewe.

Na siku ile kosa lilikuwa letu sote, kwa sababu ya mpangilio. Chupa zililetwa kwa namba za kuandikishwa. Ya 5 na ya 6 zilikuwa tamu sana, na ya 6 ilikuwa kali pia. Ulimi uliotoka huko ukikutana na pombe kavu unaona maji yenye uchungu. Kavu zitangulie, tamu zifuate; nyepesi kabla ya kali; maji na kipande cha mkate katikati. Tungefanya hivyo tu, labda yule mwenzangu angeandika mengine.

Kuna pia suala la chupa zenyewe. Wengi wetu tunatumia tena chupa za bia ya Simba, lakini kila mtu ana kizibo chake na namna yake ya kufunga uzi, na sisi majaji tunafahamiana na nusu ya washindani. Mimina nyuma ya nyumba, leta glasi zinazofanana. Shemeji yako akikaa upande wa pili wa lupango akikutazama, angalau hujui ya kwake ni ipi.

Pombe ya asali inayonywewa changa, siku chache tu baada ya kuchachuka, ikiwa bado haijang'aa, ile ambayo jirani zetu wa Zambia huiita mbote na Watanzania wanzuki, nayo ipewe meza yake. Ina uzuri wake. Ukiiweka kando ya iliyokaa mwaka mzima, itapoteza alama za sura kwa kuwa tu ni yenyewe.

Ninachokililia zaidi ni maelezo. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, andika, halafu andika kwa nini inatokea: asali ina naitrojeni kidogo sana, chachu inapata njaa na kutoa gesi hiyo, ilishwe mapema. Pombe ikichoma kooni kama lutuku, ile gongo yetu ya huku, huenda ilichachuka kwenye joto. Oktoba yetu ni ya moto. Anayeanza Juni au Julai, usiku wa baridi, ana nafasi nzuri zaidi. Na moshi? Kwangu mimi si kosa mpaka uizibe asali. Misitu yetu ya miombo ndiyo inayotupa asali ile nyeusi, na wengi bado wanairina kwa moto. Moshi unaokaa chini ya harufu ya maua unasema asali imetoka wapi. Moshi unaokaa juu yake, kata alama.

Jioni, mama mwenye chupa namba 7 alinifuata akiwa na karatasi mkononi. Aliinyoosha mbele yangu, akaniuliza:

"Papa, basi mwaka ingine nitie sukari?"

"Hapana, mama. Usitie."

Nikaomba kalamu, tukakaa kwenye benchi, nikamwandikia nyuma ya karatasi ileile: kavu kweli kama ulivyosema, safi, moshi upo kidogo na haujafunika asali, mwisho inachoma kiasi, wiki ya kwanza weka bidoni, lile dumu la pombe, ndani ya beseni la maji baridi. Chini yake nikaandika alama nilizompa mimi, 38.