Nani Kwetu Anaogopa Mwanasesere?

Kila mwaka huwa nasaidia wanafunzi wa filamu kuhariri kazi zao za mwisho, na kila mwaka halikosekani kundi lililoamua kutengeneza trela ya filamu ya kutisha. Nazipenda sana kazi hizi. Mwigizaji akilia vibaya, mtazamaji anaweza kumstahi akanyamaza. Hofu haistahiwi. Ama imemshika mtu, ama haikumshika, na usoni utaiona.

Safari hii vijana wanne waliniletea trela ya dakika moja na sekunde hamsini. Ndani yake kulikuwa na mwanasesere mwenye nywele za dhahabu, kiti kinachobembea chenyewe, ngazi ya kupandia darini, na mtu aliyejifunika uso kwa kofia ya koti. Kila baada ya sekunde chache radi inapiga. Kwenye ripoti iliyoambatana na kazi, chini ya kichwa "hadhira lengwa", waliandika: vijana wa miaka 15 hadi 25, jinsia zote, wanaopenda filamu za kutisha. Ukurasa uliofuata ulijaa nadharia za jinsi hadhira inavyopokea filamu, kila moja na jina la mwenyewe na mwaka wake, zimepangwa kama vyombo vya kabatini ambavyo hakuna anayevilia chakula.

Tukafunga mapazia, tukawasha projekta. Walikuwepo watu kama ishirini: wanafunzi wenzao, mlinzi, mama anayetupikia na wafanyakazi wawili wa ofisini. Mwanasesere alipogeuza kichwa, mtu wa nyuma akauliza, "Jamani, huyo wa mtoto wa nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyeisikia radi tena.

Vijana waliumia. Mmoja akaniambia, "Ticha, watu wetu hawazijui filamu za kutisha." Kauli hii nimeisikia mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya niandike leo. Watu waliokaa mle ndani hofu wanaijua vizuri sana. Wamekulia nayo. Walichoonyeshwa ni hofu ya nyumba za watu wengine, nyumba zenye dari la kupanda kwa ngazi na chumba cha mtoto peke yake. Wao mwanasesere wamezoea kumwona dukani ananing'inia kwenye mfuko wa nailoni.

Msimamo wangu ni kwamba nadharia ya hadhira ni kifaa cha kazi, na mahali pake ni mezani siku ile ya kwanza ya kuandika skripti. Wanafunzi wengi wanaikumbuka siku ya kuandika ripoti, trela ikiwa imeshaiva, ili wahalalishe walichokwisha kufanya. Umri na jinsia havikuambii mtu anaogopa nini. Kijana wa miaka 20 wa Mikindani na mwenzake wa Manchester wote wanaingia kwenye sentensi ile ya "miaka 15 hadi 25".

Bila kujua, vijana wale walikuwa wanafuata moja ya nadharia kongwe za hadhira, ile ya sindano: kwamba ujumbe unaingia kwa mtazamaji kama dawa kwenye mshipa, naye hana la kufanya. Mfano wake mashuhuri ni mchezo wa redio wa mwigizaji Orson Welles kuhusu viumbe wa Mars wanaoivamia dunia, uliorushwa Marekani tarehe 30 Oktoba 1938. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba nchi nzima ilitaharuki. Watafiti wa baadaye wakaonyesha kwamba magazeti yalikuza mno kilichotokea. Radi kila sekunde kumi ni sindano hiyohiyo. Itamshtua mtu mara ya kwanza, maana kelele ya ghafla humshtua hata aliyesinzia. Lakini kushtuka hakudumu. Mtu anaogopa pale anapojua jambo fulani na jambo hilo linakaribia.

Ndiyo maana mimi huwarudisha wanafunzi kwa Stuart Hall, mtaalamu wa utamaduni na vyombo vya habari, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Birmingham, Uingereza. Mwaka 1973 aliandika kwamba mtengenezaji anafumba maana ndani ya alama, na mtazamaji anaifumbua kwa ufunguo wake mwenyewe. Anaweza kuipokea kama ilivyokusudiwa, anaweza kuchukua nusu na kubisha nusu, au anaweza kuielewa yote na kuikataa. Na ikiwa alama zenyewe hawazijui wote wawili kwa namna moja, kuna kutoelewana tu, na hicho ndicho kilichompata mwanasesere wetu.

Ile hali ya kuelewa yote na kukataa tuliiona wiki hiyohiyo. Baada ya kuchekwa, mmoja wao alikuja na wazo la kuigeuza trela iwe ya Popobawa, yule jini anayesimuliwa kuvamia watu usiku majumbani mwao. Yule mama anayetupikia ni mtu wa Pemba. Mwaka 1995, habari za Popobawa zilipotanda Pemba na Unguja, alikuwa binti mdogo, na anakumbuka majirani walivyotandika mikeka nje wakalala pamoja, moto unawaka hadi alfajiri, hakuna anayethubutu kulala ndani. Aliwasikiliza vijana mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akasema, "Wanangu, hilo kwetu halichezewi." Akarudi jikoni. Wangeweza kuendelea, hakuna sheria ya kuwazuia. Waliacha, na naamini walifanya vyema, kwa sababu ishara ikiwa na nguvu kiasi hicho lazima ujiulize nani ataumia akiiona.

Wanafunzi hupenda kunitajia The Blair Witch Project ya mwaka 1999, filamu iliyotengenezwa ionekane kama mkanda wa wanafunzi waliopotea msituni, maana ni mfano wa watu waliotoka na fedha kidogo wakafika mbali. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walisoma filamu pamoja Florida, na filamu yao iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Kinachoigwa siku zote ni kamera inayotikisika. Kamera hiyo peke yake ni kitu kidogo. Wale watu waliwajua watazamaji wao wanaamini nini mwaka ule: mkanda uliopigwa na mtu wa kawaida ulionekana kama ushahidi, na intaneti ilikuwa ngeni kiasi kwamba tovuti yenye historia ya kubuni, na mabango ya kutafuta waliopotea, vilisomwa kama habari ya kweli. Ukiichukua kamera ukaiacha imani ya watazamaji, umebeba ganda.

Kuna swali lingine ambalo wanafunzi hulipita haraka: kwa nini mtu alipe ili atishwe? Watafiti wa mawasiliano, akina Elihu Katz na Jay Blumler, katika miaka ya 1970, walitaka tuache kuuliza vyombo vya habari vinawafanya nini watu, tuulize watu wanavifanyia nini. Nenda kibanda umiza usiku wa filamu ya kutisha utapata jibu. Watu wamebanana kwenye mabenchi, wanashikana mabega, wanamsemesha mhusika. Wanafuata ule ukaribu. Kwa hiyo hata kicheko kina aina zake. Kipo kinachokuja kabla hofu haijafika, hicho kinaua trela. Na kipo kinachokuja baada yake, mtu anapotoa pumzi na kumgeukia jirani. Hicho ni ushindi. Tangu nilipolielewa hili, kazi za wanafunzi naziangalia nimeipa skrini mgongo, nawatazama watu.

Basi tukaanza upya. Niliwatuma vijana kila mmoja akaulize nyumbani kwao swali moja tu: mlikatazwa nini usiku? Wakarudi na daftari limejaa. Usipige mluzi. Usifagie ukatupa taka nje. Usimtume mtoto dukani kununua sindano. Ukiitwa jina usiku na humwoni anayekuita, usiitike.

Hilo la mwisho ndilo walilolichagua. Radi ikaondolewa yote, na muziki nao. Wakapiga picha kwenye nyumba ya kupanga ya mmoja wao, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, taa ya korido imezimwa ili Luku isikimbie. Binti anasuuza vyombo uani, simu ameibana kati ya sikio na bega. Anaongea na mama yake aliyesafiri. Mama anamuuliza kama ameshakula. Halafu, kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango wa chumba, sauti ileile ya mama inamwita jina. Binti anasimamisha mkono ndani ya beseni, povu linateleza kwenye kiwiko. Kwenye simu mama bado anaongea. Sauti ya ndani inaita mara ya pili, taratibu, kama anayejua ataitikiwa. Trela nzima ni sekunde hamsini na tano.

Tuliwaonyesha watu walewale, chumba kilekile. Nilikaa pembeni ya skrini nikiwatazama. Sauti ilipoita mara ya kwanza, mlinzi aliacha kutafuna. Ilipoita mara ya pili na binti akafungua mdomo, mama wa jikoni akasema kwa sauti, "Usiitike!" Mtu akamshika mwenzake mkono. Picha ikakata, giza, kisha kile kicheko cha kutoa pumzi.

Kijana mmoja aliyekaa mbele akageuka akauliza, "Kwani akiitika inakuwaje?" Watu watano wakaanza kumweleza kwa pamoja, kila mmoja na kisa cha kwao, na ilibidi mwenye projekta azime mashine, maana hakuna aliyekuwa anatazama tena ukutani.